Ubeti wa Tatu Hauimbwi

Saa nne na dakika ishirini, ubeti wa pili ulipoanza, mama yake Fundi aliinuka kutoka kwenye godoro kama kawaida yake. Aliinuka hewani kimo cha vidole vinne, mgongo mzima kwa pamoja, miguu ikifuata nyuma kidogo. Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya mkokoteni, beseni lake mbele yake. Akaingiza mkono, akavuta shuka chafu lote kwa mara moja. Mbele yao watu mia tatu na ushee walikuwa wamesimama na vitabu vya nyimbo, vifua vimejaa, wakiimba. Nao walikuwa juu, ila kwa kimo cha ukucha tu, kiasi kwamba viatu vyao wenyewe havikuwa na habari.

"Fanya haraka," mama alisema akiwa hewani. "Hawa wanamaliza."

"Nafanya."

"Maji ya baridi hayo."

"Yalikuwa ya moto tulipotoka nyumbani, mama."

Fundi alikuwa na hesabu yake. Ubeti wa kwanza ni wa kumngoja mama apande. Wa pili ni wa kuvuta shuka na kubandua chachi ya jana. Wa tatu ungekuwa wa kuosha kidonda kwa maji ya chumvi, wa nne wa kukausha, wa tano wa kufunga, wa sita wa kutandika shuka safi. Wimbo wenye beti sita ungemtosha kabisa, hata muda wa kumpaka mama mafuta mabegani ungebaki. Lakini pale kanisani kulikuwa na ibada mbili kila Jumapili asubuhi, na ubeti wa tatu hauimbwi. Mwalimu wa kwaya husimama mbele, huinua vidole, hutangaza: "Wa kwanza, wa pili na wa mwisho." Kwa hiyo ubeti wa pili ulipokwisha watu wakarukia wa sita, Fundi akamwaga maji yote kwa pupa, akabandika chachi ikiwa inachuruzika, na "amina" ilipowatoka watu mama akashuka, pu, juu ya mpira wa godoro usio na shuka.

Alikuwa na kilo tisini na mbili, na alishuka nazo zote.

"Ahsanteni," mama alisema, meno yameumana. "Tuonane wiki ijayo."

Kwa nini yeye apande vidole vinne na wengine ukucha, hakuna aliyejishughulisha kuuliza. Wenye kupenda kueleza mambo walisema ni kwa sababu wengine wote wana pa kujishikilia. Mama alikuwa mpishi wa shule miaka thelathini na mmoja. Aliwapikia watoto mia sita kwa siku, mwiko wake mrefu kama yeye, mpaka alipoteleza kwenye sakafu yenye mafuta na mwili ukafa kuanzia kiunoni kwenda chini. Shule ilimtumia kadi kubwa yenye saini za walimu wote. Miguu ilipostaafu, mdomo ukachukua zamu zake zote.

Kidonda kilianza mwishoni mwa uti wa mgongo kama kifungo cha shati. Fundi, ambaye cherehani yake ilikaa chumba kimoja na kitanda cha mama, alikipima kila Jumatatu kwa utepe wa kazini na kukiandika kwenye daftari lilelile la wateja. Bi harusi, kiuno ishirini na nane. Karani, suruali, urefu arobaini na moja. Mama, mbili na robo.

Nesi wa zahanati alikuwa ameshasema, tena kwa upole.

"Kila saa mbili ageuzwe. Watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, mnamnyanyua, asiguse godoro. Ukifanya peke yako utamburuta, na kuburuta ndiko kunakomchuna ngozi."

"Na nikimburuta taratibu?"

"Utamchuna taratibu." Nesi aliitazama fomu yake. "Mnaishi wawili tu?"

"Ua wetu una vyumba vinane."

"Basi vizuri," nesi akasema, akaandika kitu.

Ua ule ulikuwa wa watu wachangamfu. Hakuna aliyekula bila jirani kujua amekula nini. Vyumba vyote vinane vilisali kanisa moja na vyote vilipenda kuimba, na Jumapili asubuhi walitembea kundi zima mbele ya mkokoteni, wamependeza. Fundi aliusukuma nyuma yao, jasho likimtoka kwenye gauni alilojishonea mwenyewe. Kumtoa mama kitandani hadi mkokotenini alikuwa na mbinu yake: ubao mpana, laini, alioupaka poda ya watoto, akamtelezesha juu yake kama mkate unavyotolewa tanurini. Mama alisema ndiyo adhabu ya kuokea watu mikate miaka yote ile.

Baada ya ibada majirani walimzunguka mama kumpongeza.

"Mmeona leo? Vidole vinne kamili," alisema Mama Pacha wa chumba cha pili, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa tatu, na habari za huko pia. "Ile sauti ya pili ilikuwa yangu. Nilipoiachia tu, nikamwona bibi huyo."

"Bila besi huendi popote," alisema Dereva wa chumba cha tano. "Besi ndiyo inayosukuma kutoka chini."

"Mgongo wangu unawashukuru," mama aliwaambia. "Ungewashukuru wenyewe, ila umelala."

Wakacheka mpaka wakashikana. Mama alikuwa na maneno yule.

Alhamisi Fundi alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Alimkuta Mwalimu wa kwaya akifuta kinanda kwa kitambaa chake cha mfukoni.

"Mwalimu, nimekuja kuomba ubeti wa tatu."

"Wa wimbo gani?"

"Wowote. Na wa nne, ikiwezekana."

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Aliacha kufuta, akafikiri kwa dhati.

"Dada, ibada ya pili inaingia saa tano kamili. Magari yanagombana getini. Halafu ubeti wa tatu watu hawaujui, wataubabaisha. Mama atakuwa anapanda na kushuka kama ndoo ya kisima. Si afadhali umhudumie nyumbani?"

"Nyumbani yuko chini, Mwalimu."

"Aa." Akarudi kwenye kinanda chake. "Sikiliza. Mwezi ujao kuna kongamano uwanjani. Siku tatu, makanisa kumi na manne, watu elfu nane. Kule wanaimba beti zote, na kiitikio mara mbili mbili. Mpeleke."

Fundi alipomfikishia mama habari, mama aligeuza shingo, ambayo ndiyo aliyoweza kuigeuza.

"Mwezi ujao. Haya. Kiambie na kidonda, kitundike kalenda."

Jioni hiyo Fundi alitoka uani. Mama Pacha alikuwa anaosha vyombo huku akimsimulia mke wa Karani kisa cha mtu wa ua wa jirani, mikono ikienda na mdomo ukienda.

"Mama Pacha, nishikie mama dakika moja tu. Nimgeuze."

"Mwenzangu, ndiyo kwanza nimeketi. Lakini ngoja." Akapangusa mikono. "Ngoja nikuitie watu. Hili jambo ni letu sote."

Wakaja watano: Mama Pacha, Dereva, Karani na mkewe, na fundi bomba wa chumba cha mwisho. Wakajipanga kuzunguka kitanda, wakatafuta sauti, wakaimba wimbo wa beti sita. Waliuimba wote, kwa kuwa hakukuwa na ibada ya pili ya kuwahi. Waliimba vizuri, hilo hata mama alikiri. Pindo la shuka likainuka. Kisigino cha kushoto kikainuka upana wa kidole. Mwili mwingine wote ulibaki ulipokuwa.

"Kisigino," Dereva alisema kwa heshima walipomaliza.

Fundi alikuwa amengoja hadi mwisho, mikono iko tayari.

"Nimepiga hesabu," akasema. "Kwa sauti, mama anahitaji watu mia tatu. Kwa mikono anahitaji wawili, na mmoja ni mimi. Dereva, wewe unapakia magunia kila siku."

"Gunia halilii, dada," Dereva akasema. "Nikimshika vibaya je? Nitalala?"

"Nitakuonyesha pa kushika."

"Nitaota hiyo sauti."

"Na mimi mikono yangu ina baridi ya kuzaliwa nayo," Mama Pacha akasema. "Nitamshtua bure. Kila mtu na karama yake, mwenzangu. Yetu ndiyo hii umeisikia."

Chachi ilihitaji kubadilishwa, na chumba kilikuwa kidogo. Mke wa Karani akakumbuka chungu motoni. Karani akaenda kumsaidia kukumbuka. Fundi bomba alisema atapitia tena. Fundi akabaki na mama, akafunga mlango, akazunguka upande wa pili wa kitanda na kumvuta.

"Waache," mama alisema aliposhusha pumzi. "Leo kisigino. Kesho watanipandisha dole gumba."

Jumatatu, mbili na robo tatu. Jumatatu iliyofuata, tatu. Ile iliyofuata, tatu na nusu: kidonda kilikuwa na upana wa kola ya shati la mwanamume mnene, na ndani yake kulikuwa na kitu cheupe ambacho Fundi hakukiandika.

Siku ya kwanza ya kongamano alifika uwanjani mapema, akapata mahali pazuri karibu na mabomba ya maji. Wimbo wa kwanza ulipoanza, mama alikuwa kwenye kimo cha kifua cha Fundi kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Kwa mara ya kwanza Fundi alisimama wima kumwosha mama yake. Aliosha. Akakausha. Akafika ubeti wa nne akakuta hana cha kufanya, akafanya tena. Kwa kuwa umati ulikuwa mkubwa, nyimbo hazikukatika ghafla. Viti vya mbali vilichelewa kumaliza, na mama alishuka kwenye godoro lake pole pole, kama anayeshushwa na watu wengi wenye subira.

"Hewa inapita chini," mama alisema. "Kama mtu amenifungulia dirisha mgongoni."

Wimbo wa tatu ulimkuta amelala usingizi. Alikoroma hewani, mkono mmoja unaning'inia, na Fundi akaketi chini yake kwenye kivuli chake, akala chakula chake akiwa ameketi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka uliopita.

Siku ya pili kingo za kidonda zilikuwa za waridi. Alipima: tatu na robo. Nesi, aliyekuwa kwenye hema la huduma ya kwanza, alikuja kutazama kwa tochi.

"Kinafunga," akasema. "Mfupa umejifunika. Kikipata siku kumi za namna hii kitapona."

"Makongamano kama haya huwa mangapi kwa mwaka?"

"Moja," nesi akasema.

Jioni ya siku hiyo alikuja mtu wa kamati, kifuani amebandika utepe wa zambarau. Alisema mama anatakiwa jukwaani kesho. Watu wa viti vya nyuma hawamwoni, na wameanza kulalamika.

"Nitahitaji godoro liwe pale chini yake," Fundi alisema.

"Godoro lina madoa, dada. Jukwaa limetandikwa zulia jeupe."

"Beseni basi."

"Na beseni, hapana. Kuna kamera."

Fundi alimtazama mama. Mama alikuwa anamtazama mwenye utepe.

"Huko juu ni nyimbo ngapi?"

"Nne, bibi. Mfululizo, bila hotuba katikati. Karibu saa nzima."

"Saa nzima bila kugusa kitu," mama akasema. "Nipelekeni hata nikiwa nimevaa gunia."

Siku ya tatu, basi, walimtandaza kwenye zulia jeupe, Fundi akasimama kando na mikono mitupu, nao watu elfu nane wakaanza. Walimwona. Kwa kuwa walimwona, wakaongeza sauti. Kwa kuwa waliongeza sauti, akazidi kupanda, na kwa kuwa alizidi kupanda, wakamwona vizuri zaidi. Katika wimbo wa pili alimpita Fundi kichwani. Katika wimbo wa tatu alikuwa sawa na spika, kimo cha watu wawili. Chachi ilibanduka yenyewe ikaondoka na upepo. Fundi aliinua uso, akakiona kidonda kutoka chini, chote, kikavu, chekundu safi, na katikati pale ambapo hapakuandikwa kitu, pamefunikwa. Akaanza kuhesabu. Nyimbo nne. Zikiwa nne kwa wiki, hata mbili. Alikuwa anafikiri atamwambia nini Mwalimu wa kwaya.

Wimbo wa nne, ubeti wa tatu, Mchungaji aliyeongoza kongamano alishindwa kujizuia. Machozi yalikuwa yanamtoka, machozi ya kweli. Akakishika kipaza sauti, akanyoosha kidole juu.

"Mtazameni mama yetu," akasema. "Tumpigie Bwana makofi."

Watu elfu nane wakafunga vinywa kwa pamoja, wakapiga makofi.

Makofi hayainui kitu. Mama alishuka na kilo zake tisini na mbili. Fundi alikuwa chini yake, mikono ameinyoosha, akadaka kichwa na bega moja. Nyonga ya kulia ilipokewa na mbao za jukwaa. Kipaza sauti kilikuwa karibu, kikaichukua ile sauti na kuipeleka mpaka viti vya nyuma kabisa, ambako wengi walidhani ni ngoma, wakaongeza makofi.

"Nisaidieni kumbeba," Fundi alisema. "Watu wanne tu. Hapa mpaka getini."

Mwenye utepe alimtazama Mchungaji. Mchungaji alipiga magoti, akamshika mama paji la uso, akaona hali ilivyo. Alikuwa mtu mwepesi wa kuamua.

"Tuimbe," akasema.

Wakaimba. Mama akainuka tena, mguu wa kulia ukiangalia upande usio wake, na safari hii wakawa waangalifu, wakaimba kwa sauti ya chini ili asizidi kimo cha kiuno. Fundi alimshika kifundo cha mkono, akamvuta kushuka ngazi za jukwaa, akamvuta juu ya nyasi, kati ya safu za viti. Watu walipisha njia. Baadhi waligusa shuka. Safu ya ua wao ilikuwa imesimama yote, Mama Pacha akiwapungia mkono, sauti yake juu ya sauti zote.

Kwenye lango ukuta wa uwanja uliikata sauti. Mama alianza kuwa mzito kidogo kidogo, kwanza visigino, kisha kiuno, na Fundi akapitisha mikono yake chini ya mgongo na kukimbia hivyo hivyo kuelekea kwenye mkokoteni. Hatua nne kabla ya kuufikia, uzito wote ulirudi, na wote wawili wakawa chini, mama juu ya mapaja ya mwanawe. Mlinzi wa lango aliwafungulia walipotoka na kufunga walipokwisha kutoka.

"Kaka, shika miguu tu."

"Siruhusiwi kuachia lango," mlinzi alisema. Lakini aliuona ubao wa poda ulipoangukia, akamsogezea kwa mguu.

Ilimchukua Fundi muda mrefu. Ndani walikuwa wamefika kwenye matangazo.

"Wamemaliza beti zote?" mama aliuliza, macho ameyafumba.

"Zote."

"Basi leo hawakuruka kitu."

Hospitalini wodi zilikuwa zimejaa. Walimfunga mguu kwenye kibao, wakamrudisha nyumbani, na kesho yake nesi akapita na fomu yake. Alimkagua kwa muda.

"Upande wa kulia haulaliki tena," akasema. "Chali nako usimlaze, kidonda kimechanika upya. Umebaki ubavu wa kushoto tu, na huo nao utaoza asipoinuliwa na kugeuzwa kidogo kila saa mbili. Sasa kumgeuza ni watu watatu. Wawili wa mwili, mmoja wa mguu."

"Watatu," Fundi alisema.

"Watatu." Nesi akaandika. "Na asiburutwe kabisa. Ile mifupa itasagana."

Jua lilipopungua Mama Pacha alisimama mlangoni. Sauti ilikuwa imemkauka, anaongea kwa mnong'ono, na mnong'ono ule ule ulitosha kumsimulia Fundi nani alivaa nini uwanjani na kwaya ya kanisa gani ilijishaua. Alichungulia kitandani. Mama alikuwa ameelekea ukutani.

"Amelala?"

"Hajalala."

"Lakini mwenzangu, alipanda. Mimi sijawahi kuona. Kimo cha spika. Nilimwambia Dereva, tazama, ile ni kazi yetu ile."

"Nesi amepita," Fundi alisema. "Anasema kumgeuza sasa ni watu watatu. Nawe ukiwa mmoja, bado nitatafuta mmoja."

"Watatu?" Mama Pacha alicheka kwa huruma, akamshika bega. Mikono yake ilikuwa na joto. "Usijipe presha kwa watu watatu, mwenzangu. Kongamano limetuletea washirika wapya. Jumapili tutakuwa mia nne."

Fundi akamshukuru. Alimngoja afike mlangoni kwake, akafunga wa kwake, akasogeza cherehani ukutani apate nafasi. Saa mbili za nesi zilikuwa zimetimia. Akamwambia mama yake ashike fremu ya kitanda, akapiga magoti, akaingiza mikono miwili chini ya ubavu wa kushoto, akavuta.